Vinaili juu ya marumaru, jikoni kwa mama

Haya jamani, jiko la mama Arusha limeisha jana saa tatu usiku, magoti yanauma ila nimefurahi mno. Marumaru zake za sakafuni ni za zamani, zile za kahawia zenye maua, zimefubaa na grauti, ile saruji ya kwenye mistari kati ya marumaru, imekuwa nyeusi hata usugue vipi. Fundi alisema kuzing'oa ni siku tatu za nyundo na vumbi, sasa mama ana pumu, nani atakubali? Ndo nikaamua kubandika vinaili juu yake, vile vipande vya plastiki vya sakafu, zile zenye gundi tayari unabandua karatasi tu, unene milimita 2, kipande sentimita 30 kwa 30.

Sasa nisikilizeni hapa kwenye mistari. Mwaka jana kwangu nilibandika moja kwa moja juu ya marumaru, pakapendeza kweli, baada ya kama mwezi hivi ukiwasha taa jioni unaona mistari yote ya chini imejichora juu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, maana vinaili ni laini, kila ukikanyaga inazama kidogo kidogo kwenye ule mfereji wa grauti. Iliniuma sana, ile hela ilikuwa ya akiba. Kwa hiyo safari hii siku mbili nzima zimeishia kwenye kuziba na kukausha, kubandika kwenyewe nusu siku tu.

Kwanza nilipita na sarafu nagonga marumaru moja moja, inayolia kama debe tupu ujue imeachia. Tatu karibu na sinki zilikuwa hivyo, nikazitoa nikajaza saruji pakawa sawa. Halafu mafuta. Mama anakaanga maandazi kila asubuhi, pale mbele ya jiko kidole kinateleza hata kama katoka kudeki sasa hivi, nikasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu mpaka maji yakatoka masafi, kisha msasa kuondoa ule mng'ao maana gundi haitaki utelezi. Mistari nikaijaza saruji laini ya kusawazishia sakafu, ikikauka inanywea, unarudia tena. Nilifumba macho nikapitisha kiganja, niliposikia pamekuwa sawa ndo nikaacha.

Jiko ni mita 3 kwa 2.4, vipande 80, nilinunua 88 sababu kuna vya kukata na kuharibika. Anzia katikati kwenye mstari wa uzi wa chaki, ule uzi wenye unga wa chaki unaupiga chini unaacha mstari, usifuate ukuta, kuta zetu nyingi hazijanyooka. Na Julai hii Arusha baridi yake mnaijua, gundi ikipoa haishiki, maboksi yalikaa sebuleni siku mbili na vipande vya kwenye kona nilivipasha na draya ya nywele. Kukandamiza nilitumia kigongo cha chapati, mama mwenyewe ndo alinipa. Sakafu ilivyopanda kidogo, mlango wa nyuma ukaanza kukwaruza, nikautoa kwenye bawaba nikaupiga randa kidogo chini.

Ila kama sakafu yako inapandisha maji masika, ukiinua mkeka asubuhi unakuta chini pamelowa, shughulikia kwanza hayo maji, la sivyo vitabanduka vyote.

Leo alfajiri mama kaingia jikoni pekupeku, kasimama pale mbele ya jiko akaniita, "Njoo mwanangu, mbona sakafu haina baridi?"