Hatimaye faili za wav zimenakiliwa: mabano ndani ya find

Nakala ya kaseti za taarab sasa imekamilika kwenye diski ya nje, faili za sauti za wav na flac kwa pamoja. Kaseti hizo ni za harusi za Wete na Chake Chake pamoja na maonesho ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club mjini Unguja, na kwa kuwa unyevunyevu wa pwani hauzisamehe kanda za sumaku, kila kilichokwisha kuingizwa kwenye kompyuta kilihitaji nakala ya pili.

Kilichokuwa kikinitia hasira ni amri hii ya find, programu ya kutafuta faili, ambayo ilinakili flac peke yake bila kulalamikia chochote:

find kaseti -name '*.wav' -o -name '*.flac' -exec cp --parents -t /media/diski {} +

Kila nilipoiondoa sehemu ya -exec, inayoendesha cp ya kunakili faili, amri hiyohiyo iliorodhesha aina zote mbili bila kuacha hata faili moja. Ruhusa za faili zilikuwa sawa, na nafasi ya diski ilitosha.

Kiini chake ni kwamba masharti mawili yanayofuatana katika find huunganishwa na -a (“na”) isiyoandikwa, nayo hushika kwa nguvu kuliko -o (“au”). Hivyo find ilielewa kwamba faili iwe wav, au iwe flac na inakiliwe. Inapofika faili ya wav, upande wa kushoto umekwisha kuwa kweli, na find haina haja ya kuugusa upande wa kulia, ambako ndiko cp iliko. Orodha ya majaribio nayo ilipotosha kwa sababu, pasipo kitendo chochote, find huyazungushia mabano masharti yote na kuongeza -print, yaani kuorodhesha, mwishoni. Ukiandika -exec, hisani hiyo huondoka kimyakimya. Aliyezoea skripti za bash, programu inayopokea amri, hupotea zaidi, maana huko && (“na”) na || (“au”) zina uzito sawa na husomwa kutoka kushoto.

Dawa ni kuyaandika mabano mwenyewe, kila moja likitanguliwa na \ ili bash isilichukue, na likiachiwa nafasi pande zote mbili:

find kaseti \( -name '*.wav' -o -name '*.flac' \) -exec cp --parents -t /media/diski {} +

Wapo wanaosifu fd, programu nyingine ya kutafuta faili, na kweli fd -e wav -e flac haina mtego huu. Hata hivyo find ipo karibu katika kila mashine ya Unix bila kusakinishwa, nami napendelea kuijua tabia yake, hasa kwa kuwa -delete ikiwekwa kabla ya masharti hufuta kila kitu kilichomo.

Nilikusudia kuendelea na kubadilisha majina ya faili, lakini kazi hiyo nimeiweka kando, kwa kuwa -a ileile iliyonisumbua inaweza kuniandikia katalogi nikinakili upya:

find kaseti \( -name '*.wav' -o -name '*.flac' \) -exec cp --parents {} /media/diski \; -printf '%s\t%p\n' > orodha.tsv

Ikimalizwa kwa \; badala ya +, -exec huwa kweli pale tu cp inapofaulu, kwa hiyo orodha.tsv hupata ukubwa na njia ya faili zilizonakiliwa salama peke yake. Ni polepole zaidi, kwani cp huanzishwa upya kwa kila faili, lakini folda ya Culture imeshapita na ya Ikhwani Safaa inaendelea.