Nimerudi Dar, mnaniuliza Vicksburg kuna nini

Haya, nimesharudi, zawadi zimegawanywa, na swali ni lile lile: huko Vicksburg, jimbo la Mississippi, Marekani, kuna nini cha kuangalia? Nawajibu wote kwa pamoja, maana wapo wanaofunga mizigo.

Kwanza, mkifika ukingoni msipige picha mkaandika "Mto Mississippi". Maji yanayopita mbele ya mji ni ya mto Yazoo. Mississippi ulijikatia njia mpya mwaka 1876 ukauacha mji bila mto, ikabidi wahandisi wa jeshi wachimbe mfereji wa kuuleta Yazoo. Mfereji ulifunguliwa 1903. Mississippi wenyewe mtauona kusini, penye madaraja.

Anzieni Levee Street. Ukuta wa kuzuia mafuriko una michoro 32 ya Robert Dafford na wenzake. Wengi hukimbilia ule wa Rais Roosevelt aliyekataa kumpiga risasi dubu mwaka 1902, kisa kilichozaa mdoli wa dubu. Kwangu mimi, wa kukaa nao ni ule wa Sultana. Meli hiyo ya mvuke iliruhusiwa kubeba watu 376. Aprili 1865 iliondoka Vicksburg na zaidi ya 2,000, wengi askari waliotoka kufunguliwa vifungoni. Boila moja ilikuwa imevimba na kuvuja. Bamba la chuma la boila hiyo lilitaka kukatwa na kubadilishwa, kazi ya siku kadhaa, na kila kichwa cha askari kililipiwa nauli, kwa hiyo kuchelewa ni kukosa hela. Wakapiga kiraka, tena chembamba kuliko bamba lenyewe. Siku ya tatu, ikipanda mto, imeshaupita kidogo mji wa Memphis, boila zikalipuka. Waliozoea daladala zetu hawahitaji maelezo zaidi.

Washington Street namba 1107, Joseph Biedenharn alitia Coca-Cola kwenye chupa kwa mara ya kwanza, 1894. Nusu saa inatosha.

Hifadhi ya uwanja wa vita, vile vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ina barabara ya maili 16, kwa hiyo gari ni lazima. Humo imo meli ya kivita USS Cairo, na wala haihusiani na Misri: ni jina la mji wa Illinois, nao hulitamka karibu na "kero". Bomu la majini liliizamisha Desemba 1862 kwa dakika 12, hakufa mtu. Tope la Yazoo likaitunza miaka mia. Walipoinyanyua 1964, nyaya za chuma nene inchi 3 zikaanza kuzama kwenye mbao kama uzi kwenye sabuni, ikabidi meli ikatwe vipande vitatu.

Mkiambiwa mafuriko ya 2011 yalifika futi 57.1, hicho si kina cha maji. Ni kipimo cha mto, na sifuri yake haiko chini kabisa mtoni. Mwaka 1927 kilisoma 56.2. Stesheni ya zamani ya reli, iliyo upande wa maji wa ukuta, mwaka 2011 ilizingirwa na maji. Wanajua tofauti ya mafuriko mawili hadi sehemu ya kumi ya futi. Sisi huku Dar, bonde la Jangwani, mafuriko yalifika wapi bado tunaonyeshana kwa kiganja kifuani.