Ramani ya Majivu

Kitinda mimba wangu jana kamwaga majivu uani akichora mistari ya kuruka, mama yake akaja juu. Mimi nikakumbuka kile kijiji cha Ugogoni, mwezi wa kumi, chini ya mbuyu, tulipowachoresha wanakijiji ramani ya kijiji chao ardhini ili wapange mipango yao wenyewe.

Wanaume tuliwaweka huku, wanawake kule. Ukiwachanganya, fimbo ya kuchorea haitoki mkononi mwa mwenyekiti. Wanaume walianza na barabara, wakafuatia shule na ofisi ya kijiji. Wanawake hawakuchora barabara kabisa. Bibi mmoja alikunja khanga, akapiga magoti, akaburuta majivu mstari mrefu uliopinda: korongo. Juu yake akapanga kokoto, kila moja ni shimo la maji mchangani.

"Hili la Juni," akasema. "Agosti likikauka tunapanda hapa. Sasa hivi tuko huku juu, ukiingia shimoni maji yako chini ya miguu na mchanga umekufika kifuani."

Akachomeka kijiti kando ya kokoto la mwisho. Nikauliza ni mti gani.

"Si mti, baba. Hapo ndipo tunapolala kusubiri zamu."

Wenzake wakacheka. Kisha wakaeleza kinachowaumiza: ng'ombe wakishuka hubomoa kingo, shimo linafukiwa, kazi inaanza upya. Walitaka uzio wa miiba na shimo la mifugo upande wa chini. Tukanakili haraka kwenye karatasi kabla upepo haujafuta.

Baadaye utaratibu wa kupanga mipango na wanakijiji ukasambazwa vijiji vyote vya wilaya. Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kama TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, walivyouandika, ulitaka siku tisa kijijini, na majedwali yake yalifuata malengo ya Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025. Posho hulipwa kwa siku, bajeti ni ileile, basi siku zikakatwa. Kilichokatwa kwanza ni ramani, maana jedwali ndilo linalodaiwa wilayani. Mipango ikaanza kurudi na vipaumbele vilevile kwa mpangilio uleule, hadi kosa moja la tahajia likasafiri kijiji hadi kijiji. Wawezeshaji hawakuwa wavivu. Walipewa fomu, hawakupewa muda wa kunyamaza.

Ule uzio sikuuona kwenye mpango. Safu ya gharama ilikuwa sifuri, nikaambiwa, na mradi wa sifuri hauombewi fedha. Nasikia wanawake walikata miiba ya uzio huo wenyewe kabla mpango haujapitishwa. Sijui niuhesabu kuwa ushirikishwaji au kinyume chake.