Eti mama yenu alikuwa anakunywa?

Maneno ya Baba Mdogo yamenikaa kooni. Alikuja wodini saa ya kuona wagonjwa, akauliza Mama ana nini. Nikamjibu kongosho limevimba. Akasema, tena kwa sauti: "Kongosho? Huo si ugonjwa wa walevi? Eti mama yenu alikuwa anakunywa?"

Mama yangu mimi, ambaye hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza kama ina kileo! Naye alikuwa macho. Alisikia.

Nilinyamaza, yule ni mzazi wangu. Lakini tangu siku ile namjibu kimoyomoyo, kwenye daladala, nikisahihisha madaftari, usiku wa manane. Wiki hiyohiyo Zuhura kaposwa na mimi nimeletewa barua ya uhamisho, lakini akili yangu iko palepale miguuni pa kitanda.

Baba Mdogo, pombe ni sababu mojawapo tu. Mawe ya nyongo nayo husababisha, na Mama alipigwa ultrasound, hayakuonekana. Kilichomwangusha ni mafuta ya damu, traigliseridi. Insulini ikipungua, sukari hupanda na mwili hushindwa kuyaondoa mafuta hayo kwenye damu. Yakizidi milimoli 11 kwa lita, kongosho liko hatarini. Ya Mama yalikuwa 23! Daktari alituonyesha damu yake ikiwa imetulia kwenye kichupa: juu nyeupe, kama tui la kwanza. Maumivu yalianzia chembe ya moyo yakatokeza mgongoni, akawa analala amejikunja. Nani anayataka hayo?

Ijumaa alfajiri akanishika mkono: "Nina njaa." Nililia pale pale. Alikuwa amemaliza dripu nyingi za maji, sindano za maumivu, na insulini ya mshipani iliyokwenda pamoja na dripu ya glukosi ili sukari isiporomoke. Daktari akasema alishwe, hakuna haja ya kumkalisha na njaa. Akanywa uji mwepesi, akauliza nani anamwagilia mchicha wake.

Sasa yuko nyumbani, ana vidonge vya kushusha mafuta na insulini yake asubuhi na jioni. Baba Mdogo kapiga simu kusema atakuja kesho. Nitamkaribisha chai, na hili nitamwambia, kwa heshima zake, mbele ya Mama.