Redio na ndege ya majini: namna nilivyoimudu karibu na uwanja mkubwa

Ziwa ninalorukia liko chini ya anga ya uwanja mkubwa wa ndege. Nimeimudu redio hapo kwa kuongea mapema, kabla maji hayajaihitaji mikono yangu.

Ndege ya majini haina breki. Injini ikiwaka tu, imeshaondoka, na upepo unaigeuza pua kuelekea unakotoka. Rubani wa nchi kavu husimama akaandika anachoambiwa, mimi siwezi. Kwa hiyo, kamba ikiwa bado gatini, nawasha redio kwa betri na kusikiliza. Mara nyingi nasikia mikwaruzo tu, kwa sababu mawimbi ya VHF, yanayobeba sauti ya redio za ndege, hayapindi kufuata kilima: kikikaa katikati, mnara wa kuongozea ndege haunipati. Taarifa za hali ya hewa na mpango wa safari yangu navimaliza kwa simu. Masafa ya redio, yaani namba za kumpatia kila ninayeongea naye, nayaandika kwenye karatasi iliyofungwa pajani, kwa mpangilio nitakaoyatumia.

Nikiruka, nabaki chini ya anga inayodhibitiwa na uwanja hadi nipate kibali cha kuingia humo. Sibonyezi kitufe kabla maneno hayajakamilika kichwani: namwita nani, mimi ni nani, niko wapi, kimo gani, nataka nini. Hapo penye "niko wapi" ndipo wengi hukwama. Jina la ghuba wanalolijua watu wa ziwani halimsaidii mwongozaji wa ndege. Nataja alama iliyomo kwenye ramani ya anga, na niko maili ngapi kutoka hapo. Akisema "subiri", nazunguka nje, maana hiyo si ruhusa. Kibali kikija, nakirudia kama nilivyopewa.

Kurudi ndiko ninakokuchunga zaidi. Ndege yangu ina magurudumu pia, na yakigusa maji yakiwa chini, ndege inaweza kupinduka. Naomba kubadili masafa mapema, niagane na mwongozaji kabla sijaanza kushuka. Kwenye masafa ya ziwa natangaza ninakotokea, kisha najisemea kwa sauti: "Natua majini, magurudumu yako juu," huku nikitazama taa zinazoonyesha magurudumu yako juu au chini. Mashua hazinisikii, hivyo napita juu kwanza niangalie zilipo.

Maji yakitulia kama kioo, macho hayawezi kupima kimo. Naishika pua katika mkao mmoja, nashuka taratibu, kama futi 150 kwa dakika, hadi maboya ya ndege yaguse maji. Atakayeniita redioni wakati huo atajibiwa nikishatua.