Zungusha bile digrii 60, usizungushe 120

Wiki iliyopita kidogo tu nikatae bile, yaani tufe la chuma, ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) ya milimita 80 ambayo haikuwa na kosa lolote, na mpaka leo bado naiwaza.

Mu atelie yetu hapa Kampemba, Lubumbashi, tunasaga bile za vane, zile za kufunga na kufungua mabomba, na bile ikikosa mviringo vane inavuja hata uikaze namna gani. Zamani tulikuwa tunapima na palmeri tu, kile chombo cha mkono cha kubana kitu na kusoma kipenyo, unashika pande tano sita, kipenyo kinatoka kilekile, unasema sawa. Kumbe palmeri inaona paka pointi mbili zinazotazamana, na kitu chenye vifundo vitatu kinaweza kutoa kipenyo kimoja kila upande na bado si mviringo, njo sababu tukaleta tridi, mashine ya kupimia inayogusa kitu pointi kwa pointi.

Lakini tridi nayo usiipe pointi nne tu. Pointi nne zinatosha kabisa kupata tufe, mashine itakupa tufe linalopita palepale mu zote nne na kosa sifuri, hata ungekuwa unapima embe. Mimi nachukua 25 zilizotawanyika toka kileleni mpaka ku mukanda wa katikati, halafu nazungusha zingine 36 ku mukanda wenyewe. Kosa la umbo ni hesabu nyepesi: pointi iliyo mbali zaidi na kitovu, toa ile iliyo karibu zaidi.

Siku ile ikatoka mikroni 9 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ruhusa yetu ni 5. Nikatazama mchoro wa umbo unaotolewa na tridi, vifundo vitatu vizuri kabisa, nikajua ni mashine ya kusagia. Papa mmoja tunayefanya naye kazi akauliza, “Umeizungusha?” Nikazungusha bile digrii 120, mchoro ukatoka uleule, nikamwambia Papa basi shida iko ku mashine ya kupimia. Akatikisa kichwa. “Mwana, vifundo ni vitatu. Ukizungusha 120 kila kimoja kinakaa mahali pa mwenzake, utajuaje? Zungusha 60.”

Nikazungusha 60. Vingekuwa vya bile vingezunguka nayo, lakini vifundo havikusogea hata kidogo mu mchoro, kumbe ni palpere, kile kidole cha tridi kinachogusa bile.

Hii palpere ya kugusa, ile injinia David McMurtry aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kupima mabomba ya motere za ndege ya Concorde, ndani yake kijiti kinakalia nguzo tatu, kwa hiyo upande mmoja inasikia mguso haraka, upande mwingine lazima usukume zaidi kidogo na kijiti kinapinda kwanza. Kijiti kikiwa kirefu ni mbaya zaidi, na mimi jana yake nilikuwa nimefunga kirefu kwa sababu ya kazi ingine na sikukitoa. Nikafunga kifupi, nikapima upya kwanza tufe la kurekebishia, halafu bile: mikroni 3.

Leo asubuhi nimerudia zile tatu nilizozikataa na kijiti kirefu. Mbili ziko sawa. Ya tatu nikaizungusha 60, vifundo vikazunguka pamoja nayo, hiyo imerudi ku kusagwa.