Akaunti ya heshi yakubaliwa kila mlango, IPMI yakataa katakata

Hatimaye nimejua kwa nini akaunti yangu ya usimamizi iliingia vizuri kwenye ukurasa wa iDRAC8 (kidhibiti cha Dell kilichomo ndani ya seva, cha kuisimamia kutoka mbali) na kwenye SSH (njia iliyosimbwa ya kutoa amri kutoka mbali), lakini ikagoma kila nilipotumia ipmitool, programu ya kuiamuru seva kwa itifaki ya IPMI. Seva yenyewe iko Iringa, nami niko Uyole, Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Umeme ukikatika huko na kurejea usiku wa manane, sina njia nyingine ya kuiwasha. Faili la mipangilio ya kidhibiti ninalihifadhi kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya faili), na sikutaka tena nywila ikae humo wazi. Badala yake niliweka heshi ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwa nywila na isiyoweza kugeuzwa kuwa nywila tena, pamoja na chumvi (baiti za nasibu zinazochanganywa na nywila) ya baiti 16, ambayo huandikwa kwa tarakimu 32 za heksadesimali.

Mashaka ya kwanza yaliiangukia heshi, kwa kuwa kila aliyewahi kuitengeneza anafahamu kwamba amri ya echo bila -n huongeza baiti 0A (alama ya mstari mpya) mwishoni, na baiti hiyo moja hubadilisha matokeo yote. Nilitumia printf, nikaunganisha nywila na chumvi kama baiti halisi na si kama maandishi ya heksadesimali, nikakagua baiti zote kwa programu ya xxd, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Isitoshe, ukurasa wa iDRAC ulikuwa unaikubali nywila hiyohiyo, jambo lililotosha kuiondolea heshi lawama. Ngazi ya mamlaka ya akaunti ilikuwa sahihi. Nilijaribu kubadilisha aina ya usimbaji kwa -C 3, kisha -C 17. Jibu likawa lilelile, kwamba kikao cha RMCP+ (mawasiliano ya IPMI mtandaoni) hakiwezi kufunguliwa. Alasiri nzima iliteketea hivyo, tena katika baridi hii ya Julai inayofanya vidole vikose herufi. Niliporudisha nywila ya kawaida, ipmitool ikafunguka mara moja. Nilipoweka heshi, ikafunga.

Sababu imo ndani ya itifaki yenyewe. Unapoingia kwa HTTPS au SSH, nywila husafiri ndani ya njia iliyosimbwa, kidhibiti huiongezea chumvi, hukokotoa heshi na kulinganisha na iliyohifadhiwa. IPMI 2.0, ya mwaka 2004, haifanyi hivyo: nywila haisafiri kabisa, bali pande zote mbili hukokotoa HMAC (muhuri wa kihesabu wa kuthibitishana) zikitumia nywila yenyewe kama ufunguo, kwa hiyo ni lazima kidhibiti kiwe nayo wazi au kwa namna inayoweza kurejeshwa. Kidhibiti chenye heshi tupu hakina cha kukokotolea. Nyaraka za Dell zinaeleza waziwazi kwamba akaunti zenye heshi ya SHA-256 pekee hazifanyi kazi kwa IPMI wala kwa uthibitishaji wa SNMPv3 (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao).

Baada ya kulielewa hilo, hasira iligeuka kuwa shukrani. Katika ujumbe wa pili wa RAKP, mazungumzo ya kufungua kikao cha IPMI, kidhibiti hutoa HMAC yake kabla mwombaji hajathibitisha lolote, kwa hiyo yeyote anayeifikia poti 623 ya UDP na kujua jina la mtumiaji anaweza kuondoka na HMAC hiyo, akaketi kwake na kubahatisha nywila bila seva kujua. Udhaifu huo umesajiliwa kama CVE-2013-4786, na kwa kuwa umo katika itifaki, fimwea mpya haiuponyi. IPMI ya mtandaoni nimeizima.

Heshi nayo isipewe sifa isizostahili: SHA-256 ya mzunguko mmoja hukokotolewa kwa kasi mno, tofauti na bcrypt iliyoundwa makusudi iwe nzito, hivyo faili likivuja, nywila fupi haitadumu. Yangu ni ndefu na ya herufi za nasibu.

Skripti ya kuwasha seva ilipaswa kuhamia Redfish, itifaki mpya zaidi ya kusimamia seva, ambayo tangu 2015 inapita HTTPS na haina ugomvi na heshi. Kwa kweli sipendi kuandika JSON (data ya maandishi yenye mabano na nukuu) ndani ya amri ya curl, ambako alama moja ya nukuu ikipotea, amri nzima hulala. Ipmitool, pamoja na maovu yake, ilikuwa na amri fupi na nyoofu. Nikiwa katikati ya manung'uniko hayo nikakumbuka kwamba iDRAC hupokea hadi funguo 4 za umma za SSH kwa kila mtumiaji. Nimepakia mmoja, na amri ya Dell ya kuwasha seva, racadm serveraction powerup, imepita bila kuulizwa nywila. Skripti ya Redfish nimeiacha nusu, na cheti cha TLS (cha HTTPS) nilichokipangia wiki hii kitasubiri hadi funguo zote ziwe zimewekwa.